VIH na ubongo: si kila kusahau kunatoka kwa virusi

Mbwa. Kofia. Maharagi. Nyekundu. Muuguzi anataja maneno hayo manne polepole, mgonjwa anayarudilia. Kisha mgonjwa anagonganisha kidole gumba na kidole cha pili cha mkono asiouzoea, haraka awezavyo, kwa sekunde 5. Halafu anapiga ngumi juu ya meza, analaza kiganja, anasimamisha mkono kwa ubavu, na kuanza tena, sekunde 10. Mwishoni anaulizwa: yale maneno manne yalikuwa gani?

Hilo ni jaribio fupi la kutafuta kama VIH, virusi vya SIDA, imeanza kugusa akili ya mtu. Watafiti wa Marekani na Uganda walilijaribu Baltimore na Kampala, na likatangazwa mwaka 2005. Jaribio lililokuwepo mbele ya hapo lilidai mgonjwa aandike alfabeti na kuchora mchemraba. Mtu ambaye hakuwahi kuketi darasani alianguka mtihani huo hata kama ubongo wake ulikuwa mzima. Hili jipya halitaki kalamu wala kitabu. Alama zote ni 12, na mwenye kupata 10 au chini yake anapaswa kuchunguzwa zaidi.

Kuchunguzwa zaidi, si kuhukumiwa. Lakini nje ya kituo cha afya hukumu haikawii. Mtu mwenye VIH akisahau deni la jirani mara mbili, au mtoto aliyezaliwa na virusi akirudilia mwaka wa pili wa shule, watu wanaona jibu tayari: ugonjwa umepanda kichwani. Kutoka hapo, mama anaweza kunyang'anywa mtaji wa biashara na ndugu za mume, na mtoto anaweza kubakishwa nyumbani kwa sababu wakubwa wanaona masomo yake ni kupoteza pesa.

Sayansi ya miaka zaidi ya 30 inaonyesha jambo lenye sura nyingi. Virusi vinahesabu. Urithi wa damu unahesabu pia, ingawa si pale wengi walipotazamia. Na hali ya maisha, yaani masomo, chakula, usingizi, huzuni, vita, mama aliye mzima au mgonjwa, ina uzito mkubwa ambao mara nyingi unaandikwa kwa jina la virusi.

Virusi vinafanya nini ndani ya kichwa

VIH haikawii kufika kwenye ubongo. Inaingia majuma ya kwanza baada ya mtu kuambukizwa, ikibebwa na chembe za kinga ambazo kazi yao ya kila siku ni kuzunguka mwilini. Ikifika, haishambulii moja kwa moja zile chembe za neva tunazotumia kufikiri na kukumbuka. Inajificha ndani ya chembe za ulinzi za ubongo wenyewe. Hizo zikisumbuliwa, zinatoa kemikali za kupigana na adui, na kemikali hizo zikiendelea kutoka miezi na miaka zinaharibu mawasiliano kati ya neva. Ni kama nyumba ambamo moto wa jikoni hauzimiki: hakuna ukuta ulioanguka, lakini moshi unachafua kila chumba.

Mbele ya dawa za ARV, wagonjwa wengi walifikia kupoteza akili kabisa: mwendo mzito, maneno machache, kushindwa kuvaa nguo. Leo, kwa anayekunywa dawa vizuri, hali hiyo imekuwa nadra. Kinachobaki ni mambo madogo: kukawia kufikiri, kushindwa kufanya mambo mawili kwa mara moja, kupoteza uzi wa mazungumzo.

Ni wangapi wanaopatwa? Hapa ndipo mabishano yanaanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CHARTER, uliotangazwa mwaka 2010, ulipima watu 1,555 wenye VIH. Asilimia 52 walipata alama za chini. Hesabu hiyo ilizunguka dunia nzima na kutisha watu: nusu ya wenye VIH wana shida ya ubongo. Lakini ndani ya hesabu hiyo hiyo, waliopoteza akili kwa kweli walikuwa asilimia 2 tu, na asilimia 33 hawakuwa na shida yoyote katika maisha yao ya kila siku. Walikuwa wanafanya kazi, wanapika, wanalea. Karatasi ya mtihani peke yake ndiyo iliyowaita wagonjwa.

Mwaka 2023, kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walitoa pendekezo la kuacha hesabu hizo za zamani. Alama ya chini peke yake isiitwe ugonjwa, walisema. Ni lazima kuuliza mtu alisoma kiasi gani, anaishi namna gani, ana magonjwa gani mengine, na yeye mwenyewe anaona shida gani. Tena walitaka kutenganisha ubongo ulioharibiwa na VIH na ubongo unaosumbuliwa na mambo mengine kwa mtu ambaye ana VIH. Kwa maneno ni tofauti ndogo. Kwa mgonjwa ni kubwa sana, kwa sababu mambo mengine hayo mengi yanatibika.

Kinshasa ndiko vilikotawanyikia

Neno urithi lina pande mbili hapa. Kuna urithi wa virusi vyenyewe, na kuna urithi wa mtu.

Upande wa virusi, Kongo ina historia ambayo hakuna nchi nyingine inayo. Watafiti waliolinganisha sampuli nyingi za virusi waliandika mwaka 2014 kwamba janga la VIH-1 lilianza kuenea kutoka Kinshasa, wakati huo Léopoldville, karibu mwaka 1920. Kutoka huko virusi vilisafiri pamoja na watu: kwa reli kuelekea Lubumbashi na Mbuji-Mayi, kwa mto kuelekea Kisangani. Kwa kuwa vimekaa hapa muda mrefu kuliko pengine popote, Kongo ina aina nyingi za VIH kuliko nchi nyingi za dunia. Upande wa Lubumbashi aina C imepatikana kwa wingi. Uganda, nchi jirani, aina A na D ndizo zimetawala.

Je, kuna aina inayopenda ubongo kuliko ingine? Kampala ilitoa majibu matatu yasiyopatana. Utafiti wa mwaka 2009 kwa wagonjwa 60 ambao kinga yao ilikuwa imeshuka ulikuta kwamba kati ya watu 9 wenye aina D, 8 walikuwa na shida kubwa ya akili, wakati kwa wenye aina A ilikuwa karibu robo tu. Waliosoma habari hiyo waliamini jibu limepatikana. Mwaka uliofuata, watafiti waliopima watoto wa Uganda ambao hawajaanza dawa walikuta kinyume: wenye aina A ndio waliofanya vibaya kuliko wenye aina D. Na mwaka 2014, timu ile ile ya watu wazima ilirudi na kundi lingine la wagonjwa, na safari hii haikuona tofauti yoyote kati ya aina hizo mbili.

Watu 9 ni wachache. Ndiyo maana waganga wanaojua kazi yao hawamwambii mgonjwa kwamba ameambukizwa aina mbaya ya virusi.

Jeni zilizotafutwa na ile iliyopatikana

Upande wa mtu, kutafuta kulianza kwa matumaini makubwa. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba wenye VIH waliorithi sura fulani ya jeni iitwayo APOE, ile ile inayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, walikuwa wanapoteza akili mara mbili zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2002 ikaja jeni ingine, inayoongoza kemikali ya kuita chembe za kinga kwenye ubongo. Kila mara majarida yaliandika kwa herufi kubwa.

Kisha zikaja mashine za kusoma jeni zote za mtu kwa mara moja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulipitia watu 1,287, mwingine wa mwaka 2017 ukapitia zaidi ya 1,000 wa lile kundi la CHARTER. Hakuna jeni hata moja iliyosimama imara kama sababu ya kupungua akili kwa wenye VIH. Si kusema jeni hazifanyi kitu. Pengine ziko nyingi na kila moja inasukuma kidogo sana, na pia wengi waliopimwa hawakuwa Waafrika wanaoishi Afrika. Lakini familia inayojiuliza kama ukoo wao una damu dhaifu haina ushahidi wa kushikilia.

Jeni moja ilionyesha nguvu zake waziwazi, ila si kwa kupigana na virusi. Ni jeni ya ini, CYP2B6, inayosaidia mwili kuvunja dawa iitwayo efavirenz. Kwa miaka mingi efavirenz ilikuwa ndani ya kidonge kimoja cha kila usiku walichokunywa mamilioni ya watu Afrika. Mwenye kurithi sura ya polepole ya jeni hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama haivunji dawa haraka. Inajaa kwenye damu mpaka inapita kipimo. Matokeo yake ni kizunguzungu, ndoto za kutisha, huzuni, kushindwa kukaza mawazo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulikuta hali hiyo kwa asilimia 20 ya Wamarekani weusi, na asilimia 3 tu ya wazungu. Dawa ilikuwa imepangiwa kipimo kwa miili ya watu wengine.

Zimbabwe iliona matokeo kwa macho. Nchi hiyo ilipoieneza dawa hiyo kwa wagonjwa wake, karibu mwaka 2015, wengi walianza kulalamikia ndoto mbaya na mawazo ya kutaka kujiua. Mtaalamu Collen Masimirembwa wa Harare alikuwa ametoa onyo miaka mbele kwamba jeni ya polepole iko nyingi kwa Wazimbabwe na kwamba kipimo kidogo kingewatosha. Leo dolutegravir imechukua nafasi ya efavirenz katika nchi nyingi, Kongo ikiwemo, na haipitii njia hiyo ya ini. Nayo inaweza kuharibu usingizi wa watu fulani. Mara nyingi inasaidia kuinywa asubuhi badala ya usiku, baada ya kuongea na muganga. Ila kuna wagonjwa ambao waliishi miaka wakiambiwa VIH imewagusa kichwa, kumbe kilichowasumbua kilikuwa kidonge chenyewe.

Watoto 160 wa Kinshasa

Upande wa hali ya maisha, ushahidi mmoja wa nguvu unatoka hapa hapa nchini. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina pamoja na wenzao wa Kinshasa walitangaza kazi juu ya watoto 160 ambao hawajafikia umri wa kuanza shule ya msingi. Waliwagawa mara tatu: 35 wenye VIH, 35 wasio na VIH lakini ambao ni yatima wa SIDA au mama zao walikuwa wanaumwa SIDA, na 90 wa familia zisizoguswa.

Wenye virusi walikuwa nyuma kwa mambo mengi: kutembea, kushika vitu, kusema, kuelewa. Hilo lilitazamiwa. Kilichoshangaza ni kundi la pili. Watoto hao hawakuwa na virusi hata kimoja mwilini, lakini nao walikuwa nyuma ya wale 90 katika kusema na katika mwendo wa mwili. Virusi vilikuwa vimewafikia kwa njia ingine: mama asiye na nguvu za kuongea na mtoto, chungu kisichochemka kila siku, kuhamishwa kutoka kwa shangazi hadi kwa bibi.

Timu hiyo iliendelea kufuata watoto wenye VIH waliopata matunzo, na mwaka 2009 ikaandika kwamba walikuwa wanakimbia kuwafikia wenzao, hasa wale walioanza matunzo wakiwa wadogo zaidi. Hawakuwafikia kabisa. Lakini waliongeza mwendo.

Afrika Kusini ilionyesha kwa nini umri unahesabu. Katika utafiti uitwao CHER, watoto wachanga waliopewa dawa mara moja, mbele ya kumaliza majuma 12, walikufa kwa asilimia 76 chini ya wale waliosubiri mpaka kinga ishuke au dalili zionekane. Na waliopimwa baadaye kwa ukuaji wa akili, walioanza mapema walikuwa mbele. Ubongo wa mtoto unajengwa miaka ya kwanza. Nafasi hiyo haingoji.

Dawa peke yake haijengi, hata hivyo. Uganda, mtaalamu wa akili za watoto Michael Boivin, ambaye alianza kupima watoto wenye VIH wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, alijaribu kitu kisicho na kidonge. Walezi wa watoto wenye VIH walifundishwa kwa mwaka mzima namna ya kutumia kazi za kawaida za nyumbani kuamsha akili ya mtoto: kumwonyesha kitu na kukitaja jina, kumwuliza kwa nini, kuunganisha anachokiona leo na cha jana, kumsifu akijaribu. Wakati wa kuchambua maharagi, wakati wa kumwogesha, wakati wa kwenda kuchota maji. Mwisho wa mwaka watoto hao walikuwa mbele kwa kukumbuka na kujifunza kuliko wale ambao walezi wao walifundishwa afya na chakula tu. Dawa zilikuwa zile zile, jeni zile zile.

Masomo ya shule yanafanya kazi ya namna hiyo. Waganga wanasema ubongo unaweka akiba: mtu aliyezoea kusoma, kuhesabu, kujifunza lugha, ana njia nyingi za kupita hata njia moja ikiharibika. Aliyekatishwa masomo akiwa na miaka 9 ana njia chache, na mtihani unamwonyesha mgonjwa kuliko alivyo. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini mtoto anayekosa darasa kila mwezi kwa ajili ya kuchukua dawa, au kwa sababu darasa limegeuzwa makao ya wakimbizi, anapoteza akiba hiyo kidogo kidogo.

Mashariki, dawa inapokatika

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na Bukavu ukafuata katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Siku zile zile, Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje, ukiwemo ule wa mpango wa PEPFAR ambao nchini Kongo ulitegemeza Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Kwa hiyo mwenye VIH wa kambi ya wakimbizi ya Kivu na yule wa kartiye ya Lubumbashi walipatwa na hofu moja kwa sababu mbili tofauti: kidonge cha mwezi ujao kitatoka wapi?

Dawa ikikatika, virusi vinarudi kwenye damu ndani ya majuma machache tu. Utafiti wa SMART wa mwaka 2006, uliofuata zaidi ya watu 5,400 katika nchi 33, ulisimamishwa mbele ya wakati wake kwa sababu walioacha dawa kwa vipindi waliugua na kufa kuliko waliozinywa bila kukata. Ubongo hauna kinga ya peke yake katika hali hiyo. Kinga ya mwili ikishuka sana, njia inafunguka kwa magonjwa ya kichwa yenye haraka: kifua kikuu cha ubongo, na ule uyoga uitwao kriptokoki unaoshika utando wa ubongo. Mwenye VIH anayeumwa kichwa kwa siku nyingi, mwenye homa, shingo ngumu, anayeona vitu viwili viwili au anayeanza kuongea maneno yasiyoeleweka ndani ya siku chache, hapaswi kungoja randevu yake ya mwezi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kusahau kwa polepole ni jambo lingine, na kuna maswali ambayo muuguzi anaweza kuuliza hata mahali pasipo mashine. Unalala saa ngapi? Umekula mara ngapi jana? Unakunywa pombe? Uliwahi kupigwa kichwa? Kuna kitu kinachokufurahisha bado? Hilo la mwisho linahesabu kuliko linavyoonekana, kwa sababu huzuni nzito inaiba mawazo na kumbukumbu karibu sawa na ugonjwa wa ubongo, na aliyekimbia vita mara tatu ana sababu za kuwa nayo. Upungufu wa damu, kaswende, na dawa zinazogongana ndani ya mwili navyo vinatafutwa kwa vipimo ambavyo hospitali nyingi za wilaya zinaweza kufanya.

Kwa anayesahau vidonge, kinachosaidia ni vitu vya kawaida: kunywa dawa saa ile ile ya jambo la kila siku, kama chai ya asubuhi, kuweka kengele kwenye simu, kumchagua mtu mmoja wa nyumba anayejua siri na anayeuliza kila siku bila kelele. Anayehama kwa sababu ya mapigano abebe karatasi yake ya matibabu, au aipige picha kwa simu, ili kituo kingine kimpe dawa zile zile. Na alama za lile jaribio la maneno manne, zikiwa 9 leo kwa mtu aliyelala nje ya nyumba juma zima, zinapaswa kuchukuliwa tena akiwa amepata mahali pa kulala, mbele ya mtu yeyote kuandika chochote juu ya akili yake.